Biashara za familia katika Kasulu na Kibondo

'''Biashara za familia katika Kasulu na Kibondo''' ni maduka, mashine za kusaga, maghala ya mazao, vyombo vya usafiri na karakana zinazomilikiwa na kuendeshwa na watu wa nyumba moja au ukoo mmoja katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Katika biashara hizo mwenye mali, msimamizi na mfanyakazi mara nyingi ni watu walewale, nao huishi kijiji kimoja na wateja wao. Hali hiyo huathiri namna maamuzi yanavyofanyika, fedha zinavyotunzwa, na msaada ambao biashara hutoa kwa jamii. Pia huamua kama biashara itaendelea baada ya mwanzilishi kufariki.

== Maana ==

Hakuna tafsiri moja ya "biashara ya familia" inayokubaliwa na wote. Kwa kawaida biashara huitwa ya familia ikiwa sehemu kubwa ya umiliki iko mikononi mwa watu wenye undugu wa damu au ndoa, na watu hao ndio wenye kauli ya mwisho katika uendeshaji. Wengine huongeza sharti la tatu: kuwepo kwa nia ya kuirithisha kwa kizazi kinachofuata.

Katika taaluma ya usimamizi, kielelezo kinachotumika sana ni kile cha duara tatu kilichobuniwa na Renato Tagiuri na John Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mnamo mwaka 1978. Duara ya kwanza ni familia, ya pili ni umiliki, ya tatu ni biashara yenyewe. Mtu anaweza kuwa ndani ya duara moja tu, kwa mfano shemeji asiye na hisa wala kazi dukani, au ndani ya zote tatu, kama mama mwenye duka anayeuza mwenyewe. Migogoro mingi hutokea pale mtu aliye katika duara moja anapodai haki za duara nyingine. Kaka asiye na hisa anayetaka mgawo wa faida "kwa sababu ni ya baba" ni mfano wa kawaida.

Kwa ukubwa, nyingi ya biashara hizo ni ndogo sana. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 huita "biashara ndogo sana" ile yenye wafanyakazi 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na "biashara ndogo" ile yenye wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji usiozidi shilingi milioni 200. Duka la kijijini lenye mume, mke na mpwa mmoja liko katika kundi la kwanza.

== Mahali na watu ==

Kasulu na Kibondo ni wilaya za mkoa wa Kigoma zinazopakana na Burundi upande wa magharibi. Wenyeji wake ni Waha, na nchi yao huitwa Buha. Mwaka 2012 wilaya ya Buhigwe ilitengwa kutoka Kasulu, na wilaya ya Kakonko kutoka Kibondo. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa mzima ulihesabiwa kuwa na watu 2,470,967.

Uchumi wa eneo hilo unategemea kilimo cha maharage, mahindi, mihogo, ndizi, kahawa na tumbaku, pamoja na ufugaji na urinaji wa asali. Biashara hufuata msimu wa mazao: fedha huonekana baada ya mavuno, halafu hupungua hadi mavuno yanayofuata. Mbali na maduka ya kila siku kuna magulio, yaani masoko ya siku maalumu ya wiki, ambapo wachuuzi huzunguka kutoka kijiji kimoja hadi kingine.

Kwa miaka mingi safari ya kwenda Kigoma mjini, Kahama au Mwanza ilikuwa ya barabara za udongo, na umeme wa miji ya Kasulu na Kibondo ulitoka kwenye majenereta ya dizeli. Mambo hayo yalipandisha gharama za bidhaa. Pia yalimpa nguvu yule aliyekuwa na ndugu mwenye gari au ndugu mjini wa kumpokelea mzigo. Ujenzi wa barabara ya lami kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, pamoja na kuunganishwa na gridi ya Taifa katika miaka ya 2020, vimebadilisha hali hiyo. Mashine za kusaga zilizokuwa za dizeli zinaweza sasa kutumia umeme, na mzigo hufika kwa muda mfupi zaidi.

== Historia ==

=== Kabla ya ukoloni na wakati wa ukoloni ===

Kabla ya ukoloni Buha iligawanyika katika falme zilizoongozwa na watawala walioitwa Mwami. Miongoni mwake zilikuwa Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe katika eneo la Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko. Chumvi ya Uvinza ilibadilishwa kwa mifugo, mazao na majembe. Mali kubwa ilikuwa ng'ombe, na kulikuwa na mkataba ulioitwa ''ubugabire'', ambapo mwenye ng'ombe alimpa mtu mwingine ng'ombe wa kutunza, naye aliyepokea akawa na wajibu wa utumishi na uaminifu kwake. Hivyo mali na uhusiano wa watu havikutenganishwa: kuwa tajiri kulimaanisha kuwa na watu wanaokutegemea, nao walitarajia kusaidiwa wakati wa shida.

Eneo hilo lilikuwa chini ya Wajerumani, kisha Wabelgiji kuanzia mwaka 1916, halafu Waingereza kuanzia mwaka 1921. Kasulu na Kibondo zilikua kama vituo vya utawala, na kando ya boma yalifunguliwa maduka. Katika sehemu nyingi za Tanganyika wafanyabiashara wa aina hiyo walikuwa Wahindi na Waarabu waliotumia mitandao ya ndugu zao: mmoja akiwa pwani, mwingine kituo cha reli, mwingine bara.

Waha wengi walipata fedha kwa njia tofauti. Walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakajulikana kama ''manamba''. Kuanzia mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU ilisimamia uandikishaji wa vibarua kutoka maeneo kama Buha. Aliyerudi na fedha aliweza kununua ng'ombe, baiskeli au cherehani, na kwa baadhi huo ukawa mtaji wa kwanza.

=== Ujamaa ===

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara binafsi ilibanwa. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, ambapo wakazi wa mkoa huo walihamishiwa katika vijiji vipya vilivyopangwa kando ya barabara. Familia zilizokuwa zikiishi kwa kutawanyika vilimani zilijikuta na majirani wapya na viwanja vidogo. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ililenga kufunga maduka ya watu binafsi vijijini na kuweka ya ushirika mahali pake. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa kampuni za biashara za mikoa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sabuni, sukari, chumvi na nguo vilikuwa haba kote nchini. Mpakani bidhaa zilivushwa kwa magendo. Mwaka 1983 serikali iliendesha msako dhidi ya walioitwa wahujumu uchumi na walanguzi. Katika mazingira hayo biashara ilifanywa na watu wanaoaminiana bila maandishi, na ndugu ndiye aliyeaminiwa kwanza. Kutoandika kulikuwa kinga. Desturi hiyo iliendelea kwa wengi hata baada ya hatari yenyewe kupita.

=== Tangu soko huria ===

Kuanzia mwaka 1984 uagizaji wa bidhaa ulilegezwa, na tangu mwaka 1986 Tanzania ilifuata sera za soko huria. Maduka ya familia yalifunguliwa upya. Vijana wa Kiha walikwenda kufanya uchuuzi Dar es Salaam na miji mingine, na baadhi yao huwatumia ndugu zao nyumbani mzigo wa duka badala ya fedha taslimu.

Jambo lingine lililobadilisha biashara ni wakimbizi. Warundi wengi waliingia mwaka 1993, Wakongo mwaka 1996, na Warundi wengine kuanzia mwaka 2015. Kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 karibu na Makere wilayani Kasulu, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo zilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya mkoa. Masoko ya pamoja kati ya wakimbizi na wenyeji yaliwapa wafanyabiashara wadogo wateja wapya. Mwaka 2017 mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu ulisimamishwa, na kuanzia mwaka 2018 biashara ndani ya kambi zilibanwa hadi masoko hayo kufungwa. Familia zilizokuwa zimeweka mtaji wote huko zilipata hasara, ilhali zile zilizobaki na shamba au duka kijijini zilikuwa na pa kurudi.

== Uendeshaji ==

=== Maamuzi ===

Katika duka la familia uamuzi huchukua muda mfupi. Bei ya maharage ikipanda asubuhi, mwenye ghala anaweza kuuza kabla ya saa sita bila kusubiri kikao. Vilevile familia huweza kuvumilia: wakati wa kiangazi mauzo yanapopungua, watu wa nyumbani hula cha shambani na hawadai mshahara, na hivyo biashara hupita kipindi ambacho kampuni yenye waajiriwa ingelazimika kupunguza watu.

Udhaifu wake ni kwamba maamuzi humtegemea mtu mmoja. Mara nyingi ni baba au kaka mkubwa ndiye anayejua nani anadaiwa, mzigo umekopwa wapi na fedha iko kwa nani. Akiugua au kusafiri, wengine hawawezi kuendelea. Kumpinga ni vigumu kwa sababu heshima ya nyumbani huingia dukani: kijana aliyesoma hesabu anaweza kuona kosa, lakini akaona haya kumwambia mzee mbele ya watu.

=== Fedha ya nyumba na fedha ya duka ===

Tatizo linalojitokeza zaidi ni kuchanganya fedha za nyumbani na za biashara. Chukulia mfano wa duka lenye mtaji wa shilingi milioni 6 na mauzo ya shilingi milioni 3 kwa mwezi, likipata faida ghafi ya asilimia 12 ya mauzo:

* Faida ghafi kwa mwezi: shilingi 360,000
* Pango, umeme, usafiri na ada mbalimbali: shilingi 150,000
* Inayobaki: shilingi 210,000

Kama familia huchukua rafuni sukari, sabuni, mafuta na unga wenye thamani ya shilingi 5,000 kwa siku, hiyo ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Ikiongezwa shilingi 100,000 za ada ya mdogo wake mwenye duka, jumla ni 250,000. Duka linatoa shilingi 40,000 zaidi ya linachopata kila mwezi, yaani 480,000 kwa mwaka, sawa na asilimia 8 ya mtaji. Mwenyewe haoni, kwa kuwa kila jioni kuna fedha kwenye droo na rafu bado zina bidhaa. Baada ya miaka michache rafu huanza kuwa wazi, na sababu hutafutwa kwingine: kwa jirani mwenye kijicho, kwa mwizi, au kwa mpwa aliyekaa dukani. Methali isemayo "mali bila daftari hupotea bila habari" inaeleza hali hiyo.

Dawa yake si kuinyima familia. Njia inayotumika na wafanyabiashara waliofanikiwa kulinda mtaji ni mwenye duka kujilipa kiasi maalumu kila mwezi, na kila kinachochukuliwa na watu wa nyumbani kuandikwa kama mauzo ya mkopo. Namba ya simu ya biashara tofauti na ile ya mtu binafsi kwa ajili ya miamala, au akaunti tofauti ya benki, husaidia kutenganisha.

=== Kuajiri ndugu ===

Ndugu huajiriwa kwa sababu anaaminika na ana pa kupatikana. Mara nyingi hana mkataba; hupewa chakula, malazi na ahadi kwamba "ukimaliza miaka kadhaa nitakufungulia duka lako". Kwa wengi ahadi hiyo hutimizwa, na ndiyo shule ya biashara ya vijana wasio na mtaji. Isipotimizwa, kijana aliyefanya kazi miaka mitano hana cha kuonyesha, na ugomvi unakuwa wa ukoo mzima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwondoi mfanyakazi kwenye haki zake kwa sababu ni ndugu. Sheria hiyo pia inakataza kuajiri mtoto mwenye umri chini ya miaka 14. Mtoto kumsaidia mzazi dukani baada ya masomo ni jambo la kawaida. Kumwachisha shule ili akae dukani ni kumnyima haki ya elimu.

=== Wanawake ===

Wanawake wengi ndio wanaouza dukani siku nzima, huku leseni na namba ya mlipakodi vikiwa kwa jina la mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Katika kesi ya ''Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu'' ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Hata hivyo mke asiye na maandishi yoyote hulazimika kuthibitisha mchango wake mahakamani, tena wakati wa talaka.

Vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, na mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu) vimewapa baadhi ya wanawake mtaji ulio kwa jina lao.

== Wajibu kwa jamii ==

Kampuni kubwa huwa na bajeti na ripoti ya huduma kwa jamii. Mwenye duka wa kijijini hana maneno hayo, lakini anafahamu wajibu wake na majirani wanaufahamu pia.

=== Mkopo wa dukani ===

Msaada wa kwanza ni kukopesha. Kati ya mwisho wa akiba ya chakula na mavuno mapya, familia nyingi hununua chumvi, sabuni na daftari za shule kwa mkopo. Mwenye duka naye amechukua mzigo kwa ''mali kauli'', yaani kulipa baada ya kuuza, kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla mjini. Hivyo mnyororo wa kuaminiana huanzia Kariakoo au Mwanza hadi kwa mkulima asiye na dhamana ya benki.

Kukopesha kuna mipaka yake. Maduka mengi Tanzania hubandika ukutani methali "kukopa harusi, kulipa matanga". Ni vigumu kumdai shangazi, na ni vigumu zaidi kumkatalia. Kwa sababu hiyo baadhi ya wafanyabiashara huona heri kufungua duka mbali na kijiji chao, ambako si kila mteja ni ndugu.

=== Msiba, shule na ibada ===

Wakati wa msiba mwenye duka hutarajiwa kutoa unga, sukari au gari la kubeba maiti. Michango ya madarasa, madawati, zahanati, kanisa na msikiti humfikia yeye kwanza. Hutoa kwa imani, kwa utu, na pia kwa sababu jina la familia ndilo tangazo la biashara. Anayekataa kila mara huitwa bahili, na wateja huhamia kwingine. Wataalamu wa usimamizi wameona jambo hilo kwingineko: familia huweza kukubali faida ndogo ili kulinda jina lake na uhusiano wake na watu.

=== Mipaka ya hisani ===

Kutoa msaada hakuondoi wajibu ulio wa msingi zaidi. Archie Carroll, mtaalamu wa Marekani, mnamo mwaka 1991 alipanga wajibu wa biashara kama piramidi: chini kabisa ni kupata faida ili biashara iishi, kisha kutii sheria, kisha kutenda haki, na juu kabisa ni hisani. Kwa kipimo hicho, mnunuzi wa mazao anayetoa madawati kumi shuleni lakini ananunua maharage kwa ''lumbesa'', yaani magunia yaliyojazwa kupita kipimo, anarudisha sehemu ndogo tu ya alichokichukua kwa wazazi wa wanafunzi walewale. Vivyo hivyo kwa anayewalipa vibarua chini ya makubaliano, hasa wanaotoka ng'ambo ya mpaka ambao hawana pa kulalamika, na kwa anayeuza dawa za mimea zilizopitwa na wakati.

Undugu na ujirani huweza kuzuia maovu hayo, kwa kuwa ni aibu kumpunja mtu utakayekutana naye msibani. Lakini pia huweza kuyaficha, kwa kuwa watu huogopa kumshtaki mtu anayewakopesha.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haina sheria ya jumla inayolazimisha biashara zote kutoa huduma kwa jamii. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya mwaka 2017, inawataka wenye leseni za madini kuandaa mpango wa namna hiyo pamoja na serikali za mitaa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango fulani ya hisani kupunguzwa katika mapato yanayotozwa kodi, hadi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Nafuu hiyo inahitaji hesabu na risiti, hivyo mwenye duka anayetoa kwa mkono bila kuandika haipati.

== Urithi na mwendelezo ==

Kifo cha mwanzilishi ndio mtihani mkubwa zaidi. Pasipo wosia, kikao cha ukoo humpendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Kabla ya hapo benki haitoi fedha, wadaiwa hukana madeni yaliyokuwa kichwani mwa marehemu, na wenye mali kauli hufika kudai chao. Bidhaa zikigawanywa kwa watoto kila mmoja na fungu lake, duka hufa hata kama hakuna aliyedhulumiwa.

Mara nyingi aliyedhulumiwa yupo. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, ambalo bado hutajwa katika mirathi ya kimila, huwapanga warithi katika madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza hupata fungu kubwa, watoto wengine wa kiume hufuata, na mabinti ni wa mwisho, mjane mwenye watoto hana fungu lake mwenyewe. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilikubaliana na malalamiko ya wajane wawili wa Tanzania dhidi ya kanuni hizo. Kuhusu ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila zinazowanyima wanawake haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwa mjane aliyeuza dukani miaka 20, tofauti kati ya kubaki na biashara na kuondoka mikono mitupu inaweza kuwa karatasi moja: wosia, leseni yenye jina lake, au hisa za kampuni.

== Namna za kusajili ==

Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) husajili majina ya biashara na kampuni. Kwa familia kuna njia tatu za kawaida:

* '''Jina la biashara la mtu mmoja''': ni rahisi na nafuu, lakini biashara na mtu ni kitu kimoja. Madeni ya duka ni madeni yake, na kifo chake huingiza duka katika mirathi.
* '''Ubia''': mume na mke au ndugu huandika mkataba wa mgawanyo wa faida na kazi. Kwa kawaida ubia huvunjika mbia anapofariki, isipokuwa mkataba umeeleza vingine.
* '''Kampuni binafsi yenye hisa''': chini ya Sheria ya Kampuni ya mwaka 2002, kampuni ni mtu wa kisheria tofauti na wenye hisa. Mwenye hisa akifariki, zinazorithiwa ni hisa, na bidhaa hubaki mali ya kampuni. Gharama yake ni kuwasilisha taarifa za kila mwaka na kutunza hesabu.

Kampuni hailazimishi familia kuelewana. Inachofanya ni kutenganisha zile duara tatu: dada anayeishi Dar es Salaam anaweza kuwa na hisa na kupata gawio bila kufanya kazi dukani, na mpwa anayefanya kazi dukani anaweza kulipwa mshahara bila kudai hisa.

== Ulinganisho na familia nyingine za biashara ==

Mambo yanayoonekana katika maduka ya Kasulu na Kibondo yapo pia katika kampuni kubwa za kifamilia nchini. Familia ya Karimjee ilianza biashara Zanzibar katika karne ya 19 na imedumu kwa vizazi kadhaa. Mashamba yake ya mkonge yalitaifishwa, lakini ukumbi iliotoa kwa Dar es Salaam, Ukumbi wa Karimjee, ulitumika kama Bunge la nchi baada ya uhuru. Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, alianza na biashara ndogo ya chakula akajenga kundi la viwanda ambalo wanawe wana nafasi za uongozi. Kundi la MeTL lilikua kutokana na biashara ya familia ya Dewji ya Singida. Mwaka 2016 Mohammed Dewji aliahidi hadharani kutoa angalau nusu ya mali yake kwa hisani.

Hata wosia ulioandikwa unaweza kupingwa. Baada ya kifo cha Reginald Mengi, mwanzilishi wa IPP, tarehe 2 Mei 2019, familia ilifikishana mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilitengua wosia uliokuwa umewasilishwa. Nchini Uhindi, sehemu kubwa ya hisa za kampuni mama ya Tata inamilikiwa na mifuko ya hisani iliyoanzishwa na watu wa familia hiyo, hivyo msaada kwa jamii haumtegemei mtu mmoja aliye hai.

Duka la kijijini haliwezi kuanzisha mfuko wa aina hiyo. Linaweza kutumia kanuni ileile kwa kiwango chake: kutenga kiasi maalumu cha faida kwa ajili ya michango, kukiandika, na kutovuka hapo. Jirani hupata msaada mdogo, lakini hupata mwaka hadi mwaka, kwa kuwa duka lenyewe bado lipo.

== Tazama pia ==

* Mkoa wa Kigoma
* Waha
* Ujamaa
* Ushirika
* Mirathi